Naandika "limeeleweka" na najua halijaeleweka

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisikilize maana hili jambo sina wa kumwambia, nyumbani wanaona nalialia tu na shuleni ndo siwezi kabisa kulitaja.

Mi ni mwalimu wa darasa la tatu, mwaka wa 3 huu tangu nianze kazi. Nafundisha hesabu na kusoma. Darasa lina mikondo miwili, mimi nina mkondo A wenye watoto 58, mkondo B anao mwalimu mwenzangu ambae amenizidi miaka mingi kazini, namheshimu kama kaka mkubwa. Wiki tunaipanga pamoja, yaani mada zilezile siku zilezile, na Ijumaa tunatoa jaribio moja kwa mikondo yote. Maandalio tunayapeleka kwa mwalimu wa taaluma Jumatatu asubuhi kabla ya kengele anasaini, afu Ijumaa anayachukua tena kuangalia kama sehemu ya maoni tumejaza.

Sasa Jumapili yangu yote inaishia hapo. Nakaa mezani saa nane mchana nanyanyuka saa tatu usiku. Kila kipindi cha dakika 40 nakigawa, utangulizi 5, maarifa mapya 15, mazoezi 15, hitimisho 5, naandika hadi maswali ntakayouliza na majibu ninayotegemea kutoka kwa watoto. Jumatatu naingia darasani na nguvu zote. Jumanne saa nne asubuhi mpango mzima ushakufa.

Nikupe wiki iliyopita. Jumatatu kutoa kwa kukopa tarakimu mbili, Jumanne tarakimu tatu, Jumatano mafumbo, Alhamisi tunaanza kuzidisha, Ijumaa jaribio. Jumatatu nikafundisha, nikauliza mmeelewa? Wakajibu ndiyoo mwalimu darasa zima hadi madirisha yakatetemeka. Nikakusanya madaftari. Waliopata ni 23 tu.

Kuna mtoto anakaa dawati la mwisho karibu na dirisha, ana mwandiko mzuri kuliko wote, chini ya kila swali anapiga mstari kwa rula. 52 kutoa 27 kaandika 35. 84 kutoa 36 kaandika 52. 71 kutoa 48 kaandika 37. Hakufuta hata sehemu moja, kaandika kwa utulivu kabisa na zote kakosa. Nikaweka X tatu nyekundu nikamrudishia. Akaangalia, akafunga daftari taratibu, akaliweka kwenye benchi akalikalia.

Jumanne nikarudia somo la Jumatatu. Mwenzangu akapita mlangoni akasema "bado upo hapo?" hakusema kwa ubaya ila nilisikia aibu, basi Jumatano nikabebanisha tarakimu tatu na mafumbo kwa siku moja, nikawa naongea kama naikimbilia gari. Ijumaa wastani wa mkondo B ukanipita mbali.

Na hiyo Ijumaa ndo nikajaza maoni. Nilipoanza kazi niliambiwa pale unaandika "Somo limefundishwa na limeeleweka", basi nimeandika hivyo kwa miaka yote hii, wiki iliyopita nimeandika mara tano mfululizo. Ila safari hii mkono ulikuwa mzito. Nilimuona yule mtoto amelikalia daftari.

Sasa Shangazi nifanyeje? Niendane na mwenzangu hata kama nusu ya darasa inabaki nyuma, au nisimame mpaka waelewe hata kama mada za muhula haziishi? Niandike ukweli kwenye maoni nionekane siwezi kazi? Maana pengine ukweli wenyewe ndo huo, kwamba mimi sijui kuandaa wiki.

Mwalimu wa Mkondo A

---

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu na karatasi maana kuna sehemu ilibidi nipige hesabu, ntakwambia hapo mbele. Kwanza nikurudishie nilichosikia, kama nimekosea unisahihishe. Umeleta swali la kupanga wiki lakini naona kuna mambo mawili yamefungwa fundo moja. Kuna mpango unaovunjika kila Jumanne, na kuna yale maneno ya Ijumaa. La kwanza linakuchosha. La pili ndo linakuumiza, na nadhani lilikuwa linakuumiza hata kabla ya wiki iliyopita, ila wiki iliyopita limepata sura, limepata mtoto na daftari lake.

Unasema pengine hujui kuandaa. Mtu anaekaa mezani masaa 7 kila Jumapili sitamwambia hajiandai, ila niruhusu niulize hayo masaa yanaenda wapi. Nimeangalia ulivyoeleza vipindi vyako, utauliza, utaeleza, utahitimisha, dakika zote 40 zina kazi yako wewe. Sikuona dakika ambayo mtoto amekaa kimya anafikiri. Miaka ya 1970 kule Marekani mtafiti mmoja, Mary Budd Rowe, alirekodi sauti za madarasa akakuta walimu wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde 1 tu kwa wastani, halafu wanamtaja mwingine au wanajibu wenyewe. Walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya watoto yakawa marefu, na wale waliozoea kunyamaza wakaanza kuongea. Sekunde 3 tu mwanangu. Kwenye andalio lililojaa hadi majibu unayoyategemea, hizo sekunde zinapata wapi nafasi? Hata ile "ndiyoo mwalimu", mimi nimefundisha miaka mingi kabla ya kazi hii na naifahamu vizuri, watoto wanajibu vile kwa sababu swali limeshika wimbo wa ndiyo. Jibu lenyewe ulilipata baadae kwenye madaftari, na ulikuwa na akili ya kuyakusanya siku ileile, walimu wengi wanasubiri Ijumaa.

Sasa nije kwa mtoto wa dirishani, na hapa naomba uchukue kalamu na wewe.

52 kutoa 27 kaandika 35. Kwenye mamoja kuna 2 na 7, kwenye makumi kuna 5 na 2. Huyu mtoto kila safu amechukua namba kubwa akatoa ndogo, 7 kutoa 2 ni 5, 5 kutoa 2 ni 3, jibu 35. Jaribu ya pili, 84 na 36. 6 kutoa 4 ni 2, 8 kutoa 3 ni 5, jibu 52, ndo alichoandika. Ya tatu, 8 kutoa 1 ni 7, 7 kutoa 4 ni 3, jibu 37. Zote tatu zimetoka kwenye kanuni moja na ameifuata bila kukosea hata mara moja! Ndo maana hakufuta kitu, alikuwa na uhakika. Inawezekana kabisa miaka ya nyuma aliambiwa "namba ndogo haitolewi kubwa" akaishika kwa moyo wote. Watafiti wawili, John Seely Brown na Richard Burton, waliandika mwaka 1978 juu ya jambo hilihili, kwamba makosa mengi ya watoto kwenye hesabu za kutoa yana mpangilio wake, mtoto anafuata hatua zake kwa umakini isipokuwa hatua moja imekaa vibaya.

Na kuna kitu kingine kilichonifanya nikae na ile karatasi. Tuseme kuna mtoto mwingine ambae kukopa anajua, anakopa vizuri, 2 inakuwa 12, 12 kutoa 7 ni 5, ila anasahau kuwa yale makumi 5 yamebaki 4, anatoa 5 kutoa 2 anapata 3. Jibu lake? 35 vilevile. Watoto wawili wenye matatizo mawili tofauti wameandika jibu moja na wamepata X moja. Swali lako la pili ndo linawatenganisha, maana wa kwanza ataandika 52 na huyu wa pili ataandika 58. Kwahiyo hao 35 waliokosa sio kundi moja mwanangu, na kama Jumanne ulirudia somo lilelile kwa maneno yaleyale naelewa kwa nini halikusogea. Wa aina ya kwanza hajaona bado kwa nini mtu akope, wa pili ameona ila anasahau kulipa kwenye makumi. Sikulaumu, X nyekundu haionyeshi hayo.

Nikuulize na juu ya mwenzako. Unasema wastani wa mkondo B umekupita na mimi naamini, lakini umeshawahi kuona madaftari yao? Wastani ni namba moja iliyobeba watoto wote, inaweza kupanda kwa sababu kumi wamepata zote huku wengine kumi wakiwa wameketi na wao juu ya madaftari yao. Au inawezekana kweli yeye amepata njia nzuri ya kukopa ambayo wewe huijui. Sijui mimi na wewe pia hujui, umesikia "bado upo hapo" ukajaza mengine mwenyewe. Mwalimu wa taaluma nae ni hivyohivyo. Nani alikwambia yeye ndie anataka yale maneno? Kwa ulivyoandika uliambiwa tu ulipoanza kazi kwamba "pale unaandika hivi". Inawezekana anayataka. Inawezekana pia amechoka kusoma sentensi moja kwenye madaftari yote ya shule.

Twende kwenye njia ulizozitaja, umeweka mbili tu, kukimbia au kusimama.

Ukienda na kasi ya mwenzako na kuwasaidia waliobaki baada ya vipindi, utakuwa salama kwenye karatasi na amani na kaka yako itabaki. Hatari yake ni kwamba watoto walewale ndo watakuwa wanakosa kucheza kila siku, wamechoka na wewe umechoka, na kesho asubuhi darasani wanakutana tena na mada iliyowazidi. Ukisimama mpaka wote waelewe, wale 23 watafanya nini? Watoto wa darasa la tatu wakikosa kazi wanaitafuta, na utaitwa mlangoni kwa kelele. Na muhula haukusubiri.

Ila hebu angalia tena wiki yako. Uliichukulia kama ngazi, kila siku inasimama juu ya jana yake. Tarakimu tatu kweli zinasimama juu ya tarakimu mbili, asiyeweza kukopa mara moja hawezi kukopa mara mbili. Lakini kuanza kuzidisha, mafungu 3 yenye vitu 4, kunahitaji kujumlisha, kukopa hakuhitaji hata kidogo. Mafumbo nayo unaweza kuyaanza na namba ndogo, maana kazi kubwa pale ni mtoto kusoma sentensi akajua ajumlishe au atoe, na wewe kusoma ni somo lako. Kwahiyo kuna siku mbili hapo zinaweza kuhamishwa bila kuvunja kitu. Mngekaa na mwenzako mkaleta kuzidisha Jumatano, ungepata muda wa kurudi kwenye kukopa asubuhi kidogokidogo huku darasa zima linaendelea na jambo jipya ambalo hata mtoto wa dirishani anaanza nalo sawa na wenzake. Hatari ipo, akili zao zitabeba mambo mawili kwa wiki moja na wapo watakaochanganya, na mwenzako anaweza akakataa kabisa.

Kuna namna nyingine ambayo nilikuja kuitumia mimi baada ya miaka kama mitano kazini. Nilikuwa naanza Ijumaa. Naandika kwanza maswali matano ya jaribio, halafu najiuliza ili mtoto ayaweze haya Alhamisi anatakiwa awe anaweza nini, Jumatano je, hivyo hadi Jumatatu. Kwa kawaida nikifika Jumatatu nakuta nilitaka mengi mno. Na siku moja katikati ya wiki nilikuwa naiacha wazi kwa makusudi, nimeandika tu "kurudi kwenye yaliyokwama", zana zipo tayari ila kilichokwama nakijua kutoka kwenye madaftari ya Jumatatu na Jumanne. Na kila asubuhi dakika 5 za kwanza zilikuwa za maswali mawili matatu ya siku zilizopita, bila kuangalia ubao. Kuna Mjerumani aliitwa Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaona sehemu kubwa inapotea ndani ya siku ya kwanza tu. Hesabu zina maana kuliko silabi zake kwahiyo sitakwambia ni kilekile, lakini somo la Jumatatu lisiloguswa tena hadi Ijumaa, hata aliyelielewa atakuwa amebaki na kipande. Ugumu wa njia hii ni ile siku ya wazi. Mkaguzi akiikuta anaweza kuona hujajiandaa, na itabidi uweze kuieleza bila kutetemeka.

Kugawa makundi kwa aina ya kosa pia inawezekana, hata kwa watoto 58, kwa dakika 15 tu za mazoezi. Ila chunga, watoto wanajua haraka sana nani kawekwa wapi, na kundi likishapata jina la wajinga halifutiki mwaka mzima. Nilikuwa nayabadilisha kila wiki, na wakati mwingine nawaweka wawiliwawili, kila mmoja afikiri peke yake kwanza, wazungumze, ndipo waseme kwa darasa. Frank Lyman alieleza mpango huo mwaka 1981 na uzuri wake hauna gharama ya zana. Pia yule asiyethubutu kujibu mbele ya watu 58 anathubutu mbele ya mmoja.

Nimelizunguka la maoni, najua. Ukiandika ukweli unaweza kuwa mfupi tu, mfano "35 kati ya 58 hawajaweza kukopa, wengi wanatoa ndogo kwenye kubwa, Jumatano tunarudia kwa vijiti." Hiyo sentensi mimi nikiisoma namuona mwalimu anaejua darasa lake. Lakini mimi sio mwalimu wako wa taaluma, na siwezi kukuahidi kwamba nae ataona hivyo, anaweza kukuita na kukuuliza kwa nini wengi hivyo. Halafu kuna jambo ambalo barua yako haijaligusa. Wiki ni yenu wawili. Siku daftari lako litakaposema halijaeleweka na la mwenzako la siku hiyohiyo liseme limeeleweka, utakuwa umemuweka kwenye maswali bila kukusudia, na yeye atalisikia hilo ofisini kabla hajalisikia kwako. Je ungependa aanze kusikia kwako? Ukienda kwake kwanza anaweza akakutuliza ukarudi kulekule, hiyo pia ni hatari. Anaweza pia akafunga mlango akakwambia na yeye mkono ulishawahi kuwa mzito. Wewe unamfahamu, mimi simfahamu, pima mwenyewe.

Hizo Jumapili nazo nakuomba uziangalie. Labda masaa 2 ya andalio yatoke, yaende Jumatatu na Jumanne jioni kwenye madaftari, maana naona kilichokuwa kinakosekana kwenye mpango wako hakipo mezani Jumapili, watoto hawajakiandika bado.

Wakati unafikiria hayo kuna jambo dogo huhitaji ruhusa ya mtu kulifanya. Tafuta vijiti, funga mafungu ya kumikumi kwa raba, mafungu 8 na vijiti 4 pembeni. Muite mtoto wa dirishani siku yenye utulivu, usiwe na kalamu nyekundu. Muonyeshe 84 kutoa 36 aliyoifanya na umuulize hapa ulifanyaje, usubiri. Akishakueleza mwambie akupe vijiti 6 kutoka kwenye vile 4. Atakuangalia. Usimsaidie. Atakapoigusa ile raba mwenyewe na kufungua fungu moja, muulize yamebaki mafungu mangapi, na pembeni sasa kuna vijiti vingapi. Akishasema 7 na 14 mwachie amalizie mwenyewe, halafu mrudishie daftari lake aandike jibu jipya chini ya ule mstari wa rula.

Niandikie alichokujibu pale ulipomuuliza ulifanyaje, kwa maneno yake. Nasubiri.

Shangazi